Saa Tatu ya Tabora, Saa Tatu ya Guangzhou

Mwezi juzi ulimi uliniponyoka kidogo nikasema nilikaa Guangzhou, China, miaka kumi na moja, mkalimani wa wafanyabiashara wetu wa Xiaobei, mtaa wa Waafrika kule, na kwamba baba mkwe wa mwenye nyumba wangu alikuwa mpiga falaki wa Bazi, elimu ya Kichina ya kusoma maisha ya mtu kwa wakati aliozaliwa. Basi nimejitakia. Sanduku la barua limejaa tarehe za kuzaliwa. Sisomei watu nyota kwa posta, wala sitaki pesa ya mtu. Lakini barua tatu zimenikaa kooni, nazijibu hapa.

Shikamoo Shangazi. Mimi ni mzaliwa wa Tabora, niko Guangzhou mwaka wa tisa, nasafirisha vipuri vya pikipiki. Nina mchumba Mchina, tumefahamiana miaka mitatu. Mama yake hakuwa na neno mpaka alipopeleka tarehe yangu kwa mpiga falaki. Nilikuwa nimempa mchumba picha ya kadi yangu ya kliniki: 16 Septemba 1985, saa 3:00 asb. Yule mtu akaandika Yi Chou, Yi You, Wu Wu, Jia Yin. Akasema nina Qi Sha kwenye nguzo ya saa, Afisa na Muuaji wamechanganyika, na juu yake Shang Guan anamwona Afisa, ndiyo misiba mia. Eti serikali itanimaliza na watoto watanigeuka. Mama amekataa ndoa. Shangazi, kinachonitisha ni kuwa yanafanana na maisha yangu. Nilifukuzwa kidato cha tatu kwa kumjibu makamu mkuu wa shule. Kazi ya kwanza niliiacha kwa ugomvi na bosi, ya pili bosi ndiye aliyeniacha. Mwaka juzi kontena langu lilikwama bandarini wiki sita kwa sababu ya karatasi moja. Ndiyo nyota yangu hiyo? — Mnyamwezi wa Xiaobei

Marahaba, mwanangu. Kabla ya yote, rudi kwenye ile kadi.

Saa 3:00 asb. Nesi wa Tabora aliyeandika hivyo alikuwa na maana ya saa tatu asubuhi, jua limeshapanda, uji umeshanywewa. Mchumba wako akaona tarakimu 3 na neno la asubuhi, akampelekea mama yake saa tisa ya usiku, majogoo hata hayajawika. Simlaumu. Katika kazi yangu ya ukalimani nimeshuhudia mtu akikosa ndege kwenda Addis Ababa kwa kosa hilihili, amekaa hotelini amevaa viatu, anasubiri saa ambayo ilishapita zamani. Saa zetu zinaanza kuhesabiwa kunapokucha, zao usiku wa manane, na katikati hapo watu wanapoteza nauli. Wewe ulikaribia kupoteza mke.

Maana Bazi ni herufi nane tu. Mwaka una mbili, mwezi mbili, siku mbili, saa mbili, na kila jozi ndiyo nguzo. Ya juu inaitwa shina la mbinguni, ya chini tawi la ardhi, na kila tawi lina mnyama wake. Ukikosea saa, umekosea robo ya mtu mzima. Kwetu pwani ukienda kupigiwa falaki, shehe anakuuliza jina lako na la mama yako, anahesabu kwa abjadi. Mchina hana shida na jina la mama. Anataka saa. Yule mzee wa nyumba yetu alikuwa akitembeza kidole gumba cha mkono wa kushoto juu ya pingili za vidole vingine, kimyakimya kama mtu anayevuta uradi, kisha anainua macho: "Una hakika na saa?" Aliuliza mara tatu kila mara. Ukisita, alifunga kalenda yake kuukuu na kukumiminia chai.

Sasa tuiangalie hiyo Qi Sha iliyokukosesha usingizi. Jina ni baya, nakubali. Qi ni saba, Sha ni kuua, ndiye huyo Muuaji. Lakini saba ile ni ya kuhesabu: ukianza na shina la siku yako ukasogea mpaka la saba, unakuta linalokubana. Siku yako ni Wu, udongo mkubwa, udongo wa mlima. Wa saba kutoka Wu ni Jia, mti mkubwa, na mti hupasua udongo kwa mizizi. Yi nao ni mti, ila mti mwororo, majani na mitambaazi. Huyo ndiye Zheng Guan, Afisa wa halali. Wote wawili ni mamlaka juu yako. Tofauti yao utaielewa haraka ukikumbuka nyumbani. Zheng Guan ni hakimu: ana utaratibu, ana tarehe ya kesi, unaweza kukata rufaa. Qi Sha ni mgambo wa jiji anayekuja na rungu huku wewe bado unafunga turubai la nyanya zako. Hakuna anayependa mgambo. Lakini anayeweza kumpa mgambo kazi ya kulinda ghala lake, huyo analala usingizi.

Hapo ndipo mpiga falaki wenu alipolala yeye. Mtu anayekwambia una Qi Sha akaishia hapo ni sawa na daktari aliyekwambia una damu. Swali la pili ndilo kazi yenyewe: kuna nini pale cha kuishika? Vitabu vya zamani vinataja njia ambazo kila mwanafunzi huanza nazo. Inaweza kushikwa na Shi Shen, nyota ya mlo na utulivu, inayomzuia Muuaji uso kwa uso. Inaweza kupitishwa kwenye Yin, muhuri. Ukali wa Muuaji unalisha muhuri, na muhuri unakulisha wewe. Tena wanaposema muhuri wana maana ya muhuri kweli, ule wa ofisi, wa kugonga kwenye karatasi. Ni elimu, ni cheti, ni mama, ni mtu anayekuandikia barua ya utambulisho. Au inaweza kukutana na Yang Ren, upanga wako mwenyewe, ukali kwa ukali, na hapo wanazaliwa majenerali.

Hebu tuseme, kwa ajili ya hoja tu, kwamba ulizaliwa kweli saa tisa usiku. Jia juu ya Yin, mti juu ya chui milia; Yin hii ni tawi, si ile ya muhuri. Siku yako ni Wu juu ya Wu: ya kwanza ni udongo, ya pili ni farasi, ni herufi mbili mbali kabisa zinazofanana kwa maandishi yetu tu. Chui milia na farasi wakiketi jirani, wanavutana kuelekea moto. Moto kwa udongo ndio muhuri. Kwa hiyo hata chati ile ya makosa ilikuwa na njia ya kumgeuza Muuaji kuwa mlezi, na farasi huyohuyo ndiye upanga wa Wu. Zilikuwa mbele ya macho yake njia mbili kati ya nilizozitaja, naye akamwandikia mama mkwe "misiba mia". Nimekasirika, samahani.

Na hili la "Afisa na Muuaji wamechanganyika", nitakupa chati mbili uzipeleke ukiulizwa.

Ya kwanza: Xin Mao, Ding You, Geng Wu, Bing Zi. Siku ya Geng, chuma. Ding ni moto mdogo, Afisa wake. Bing ni moto mkubwa, Muuaji wake, umekaa palepale kwenye nguzo ya saa ulipoambiwa wako amekaa. Matawi yake manne ni sungura, jogoo, farasi na panya, wanaotazamana kama watu wanne waliogombana wakawekwa pembe nne za chumba. Mtu huyo alizaliwa tarehe 25 Septemba 1711. Ni mfalme Qianlong, aliyetawala China kuanzia 1735, akajiuzulu 1796 ili asizidishe miaka aliyotawala babu yake Kangxi, akafa 1799 akiwa na umri wa miaka 87. Mwezi wake ni jogoo, upanga wa chuma, na upanga ule ndio uliomshika Muuaji.

Ya pili: Gui Si, Wu Wu, Bing Wu, Ren Chen. Siku ya Bing, moto. Gui, maji madogo, ni Afisa; Ren, maji makubwa, ni Muuaji, naye tena yuko kwenye saa. Huyu alizaliwa 1773, Qianlong akiwa bado kitini, na si mfalme wala mtoto wa mfalme. Ni Ren Tieqiao, aliyeandika ufafanuzi wa kitabu cha Ditian Sui ambao wapiga falaki wanausoma hadi leo. Aliweka chati yake mwenyewe kati ya mifano, akakiri kwamba alishindwa kutimiza tamaa ya baba yake ya kupata jina, akashindwa hata kuyatunza mashamba ya nyumbani, ndipo akaingia kwenye kusoma nyota za watu ili ale. Maji yake yalikuwa machache mno kwa moto wa kiangazi kile; mamlaka yalikuwepo kwenye karatasi, hayakuwa na mzizi.

Umeona? Mchanganyiko uleule, mmoja kwenye Mji Uliokatazwa, mwingine anakaa na wino akisubiri mteja. Na huyo mwenye shida ndiye niliyemwamini zaidi siku zote, kwa kuwa hakujificha.

Haya, tuje kwenye saa yako ya kweli. Saa tatu asubuhi. Hapa Mswahili ana bahati ambayo Mchina hana habari nayo. Wao wanagawa siku kwa vipande kumi na viwili vya saa mbilimbili, na milango ya vipande hivyo iko palepale kwenye saa zetu za witiri: saa moja, saa tatu, saa tano, saa saba. Kuanzia saa moja mpaka saa tatu ni Chen, joka. Kuanzia saa tatu mpaka saa tano ni Si, nyoka. Kwa hiyo nesi wako amekuzalia mlangoni kabisa, na hakuandika dakika. Manesi hawaandiki dakika. Wana watoto wengine wa kupokea.

Lakini saa ya ukutani si jua. Saa ya Afrika Mashariki imefuata mstari wa digrii 45 mashariki, ambao hata Dar es Salaam haujaugusa. Uko baharini huko. Tabora iko kama digrii 32.8. Kila digrii ni dakika nne. Piga hesabu: jua la Tabora liko nyuma ya saa ya ukutani kwa dakika 49 hivi, na katikati ya Septemba, jua linapoitangulia saa kidogo, unarudishiwa kama dakika tano. Saa ya ukutani ilipogonga tatu, kwa jua la Tabora ilikuwa saa mbili na robo. Wapiga falaki makini wanafuata jua la mahali ulipozaliwa. Basi wewe ni wa joka, Bing Chen, na hata nesi akiwa alikosea kwa nusu saa, huku au kule, bado uko ndani ya joka.

Ona kilichotokea. Pale walipomkuta Muuaji na rungu, sasa amekaa Bing, moto mkubwa, Pian Yin. Huo ni muhuri wa pembeni, nyota ya bibi aliyekulea, ya ufundi uliojifunza kwa kuangalia bila cheti. Mgambo ameondoka, ameingia bibi na kanga yake. Nguzo ya saa ndiyo ya watoto. Waambie hivyo, neno kwa neno.

Sitakudanganya lakini. Lile la Shang Guan halifutiki kwa kurekebisha saa, kwa sababu liko kwenye mwezi, na mwezi haukukosewa. Yi, Afisa wako, ametokea mara mbili, mwaka na mwezi. Na katika mwezi amekalia You, jogoo, chuma kitupu cha vuli. Chuma ndicho kinachotoka kwenye udongo wako: ni ulimi wako, akili yako, ile hali ya kuona kosa la mkubwa kabla hajamaliza sentensi. Shang Guan maana yake ni kumjeruhi afisa. Ng'ombe wa mwaka anamwongezea jogoo nguvu. Afisa dhaifu, kisu kikali chini ya kiti chake. Makamu mkuu wa shule hakuwa na ujanja kwako, nadhani, na unaijua sura aliyokuwa nayo siku ile.

Yule mzee angekwambia nini? Nilimsikia akimwambia kijana mmoja wa Foshan mwenye chati ya namna hii. Alichora kwa kidole chenye chai juu ya meza: chuma hapa, mti pale, na katikati akamwaga tone. Maji. Chuma kinazaa maji, maji yanalisha mti, ugomvi unapata daraja. Kwa siku ya Wu, maji ni nyota ya mali. Yaani mtu mwenye ulimi wa kumjeruhi afisa, akipeleka ulimi ule sokoni badala ya ofisini, unamletea mali, na mali inamtuliza afisa. Kijana wa Foshan aliacha benki. Wewe ulishaacha mabosi wawili, ukaingia kwenye vipuri vya pikipiki bila kuambiwa na mtu. Maji yako yamejificha ndani ya ng'ombe na ndani ya joka, hayaonekani juu, na kwa hiyo yanapatikana kwa jasho. Kontena la wiki sita liko hapo. Ila na mimi niulize: ile karatasi moja ilikosewa na nani, nyota au wakala wako?

Unasema yanafanana na maisha yako. Hesabu hii hapa. Miaka sitini, mara miezi kumi na miwili, mara siku sitini, mara vipande kumi na viwili vya saa: chati 518,400. Gawanya watu bilioni nane. Unapata kama watu elfu kumi na tano kwa kila chati moja. Wenzako hao wote walimjibu makamu mkuu wa shule? Na mtu wa kwanza kusifiwa kwa elimu hii, Li Xuzhong wa enzi ya Tang, hakutajiwa hata saa. Han Yu, mwandishi wa enzi hiyohiyo aliyemwandikia maneno ya kaburini, anasema alitazama mwaka, mwezi na siku. Han Yu huyohuyo anamweka kwenye orodha ya waliokufa kwa kunywa dawa za kutafuta uzima wa milele. Bwana aliyejua siku za watu wote!

Nenda kwa mama wa mchumba. Chukua kadi yenyewe, si picha, na mwombe mchumba aandike pembeni kwa Kichina: saa tatu ya Kiswahili ni saa 9:00. Usimtukane mpiga falaki wao mbele yake, kwa sababu ni yeye aliyemchagua. Mwombe tu asome upya na saa sahihi. Beba machungwa madogo, idadi ya shufwa. Usibebe mapeari, jina lake linasikika kama kuachana. Na kwa jinsi nilivyokueleza habari za saa, najua wazo litakalokujia dukani: usimpelekee saa ya ukutani kama zawadi, hata kwa utani. Kumpa mtu saa, kwa Kichina, kunasikika kama kumzika.

Shikamoo Shangazi. Nina miaka 34, ni mhasibu Dar. Mchumba wangu alifariki kwa ajali ya bodaboda miezi kumi iliyopita. Rafiki yangu anayefanya kazi na Wachina alinionyesha programu ya simu inayosoma Bazi. Nikaingiza tarehe yangu, ikasema siku yangu ni Geng Zi, nimekalia Shang Guan kwenye nafasi ya mume, kwa hiyo "nakata mume". Tangu siku hiyo sina amani. Kuna kijana anataka kuja kujitambulisha nyumbani nami nimemzuia, naogopa kumuua. — Mhasibu

Marahaba, mwanangu, na pole sana. Pole kwanza, mengine baadaye.

Siku ya Geng Zi inarudi kila baada ya siku sitini. Mwanamke mmoja katika kila sitini duniani amezaliwa siku hiyo: kwenye daladala iliyojaa wanawake peke yao yuko mmoja. Wangekuwa wote wanazika waume, tungekuwa tumeshaona.

Geng ni chuma, Zi ni panya, maji ya kina. Chuma kinatoa maji, maji yanazima moto, na moto kwa Geng ni Afisa. Hadi hapo programu haikusema uongo. Uongo unaanzia kwenye neno "mume". Wanaume walioandika vitabu hivyo, enzi za Song, Ming na Qing, waliweka Afisa kwa mwanamume kuwa cheo chake, tena watoto wake. Walipofika kwa mwanamke wakakwama: mwanamke haruhusiwi kufanya mtihani wa serikali, hana cheo, sasa Afisa wake ni nani? Wakaandika mume. Mamlaka pekee waliyomwona nayo juu ya kichwa chake ni ya mwanamume wa nyumbani. Kwa hiyo herufi ileile ambayo kwa kaka yako ingesomwa "ana akili kali, atamsumbua bosi", kwako ikasomwa "atazika mume". Herufi haikubadilika hata nukta.

Wewe ni mhasibu. Unakaa mezani na vitabu vya kampuni, mkurugenzi anakuletea risiti isiyoeleweka, unamrudishia. Huyo ndiye Shang Guan, na Afisa anayejeruhiwa ni mkurugenzi, naye anastahili. Wasomaji wengi wa siku hizi, hata Hong Kong na Taiwan, wanamsoma Afisa wa mwanamke kuwa kazi yake kwanza.

Woga wa aina hii umeshapimwa, na si kwa nyota. Japani wana imani kwamba mwanamke wa mwaka wa Bing Wu, farasi wa moto, anamla mume. Mwaka 1966 ulikuwa wa farasi wa moto. Mwaka 1965 walizaliwa Japani watoto kama milioni 1.82, 1966 wakawa kama milioni 1.36. Robo nzima ya watoto hawakuzaliwa, kwa kuwa wazazi waliogopa kupata binti. Mwaka uliofuata vizazi vikapanda tena. Mabinti waliozaliwa 1966 wamekua, wamesoma, wameolewa, wana wajukuu. Na 2026 ni farasi wa moto tena; ndiyo maana programu hizo zimechangamka.

Mchumba wako aliuawa na barabara. Siku uliyozaliwa wewe haikuwa imeshika usukani. Ifute hiyo programu leo, na kama ulilipia usajili wa mwezi, usitishe kabla hawajakata tena. Huyo kijana usimharakishe wala usimfukuze. Mwambie ukweli, kwamba bado unaomboleza. Akiuliza siku yako ya kuzaliwa, iwe ni kwa ajili ya keki.

Shangazi, mimi nilizaliwa 8 Februari 1988. Wengine wananiambia mimi ni sungura, wengine joka. Nani mkweli? — Kijana wa Kisumu

Wote wawili. Mwaka mpya wa Kichina wa 1988 ulianguka 17 Februari, kwa hiyo kwenye kalenda ya mwezi na kwenye bango la mgahawa wewe ni sungura. Bazi haifuati mwezi, inafuata jua: mwaka wake unageuka siku ya Lichun, mwanzo wa majira ya machipuko kwa Wachina, ambayo 1988 ilikuwa 4 Februari. Kwa mpiga falaki wewe ni Wu Chen, joka wa udongo. Ukiwa na saa ya kuzaliwa, niandikie. Ila sema ni saa ya nani.